Gurudumu la Kushoto la Tela la Macho

Tangu nirudi, kila rafiki ninayekutana naye Majengo ananiuliza swali lile lile: ilikuwaje tela likakaa ukingoni siku zote zile, na fundi nilikuwepo? Nimejibu dukani, nimejibu nje ya kanisa, na kila mara nimejibu kwa kifupi, kwa hiyo kila mtu ana kipande chake na vipande haviungani. Nyinyi wenzangu wa karakana mmesikia kwamba beringi ilikufa. Wake zenu wamesikia kwamba vipofu walipanda mlima. Yote mawili ni kweli, ila la pili lilitokana na la kwanza, na hapo ndipo maelezo yangu ya njiani huwa yanakatika. Nimekaa chini niandike tangu mwanzo.

Mbeya hadi Tunduma

Tela lenyewe mmeliona. Ni nyumba ndogo ya bati juu ya ekseli moja, mlango ubavuni, madirisha mawili, magurudumu mawili. Wapima barabara walikuwa wakilala humo wakati barabara kuu inajengwa, kisha wakaliacha. Daktari Tulinagwe, mama wa Rungwe anayetibu macho, alilikuta limesimama juani, akaona ndani yake kitu ambacho wengine hawakukiona: chumba safi chenye dari, kinachoweza kwenda vijijini. Aliwahi kupasua macho kwenye darasa lililoezekwa kwa nyasi. Vumbi la nyasi likaanguka, jicho la mgonjwa mmoja likaoza. Tangu siku hiyo akaapa hatafungua jicho la mtu chini ya nyasi tena. Haya alinieleza mwenyewe tulipokuwa tunalisafisha.

Mimi nilitumwa kutoka Sumbawanga kwa sababu ya magurudumu tu. Nilipiga jeki, nikayatoa yote mawili, nikazifungua habu, vile vitovu vya gurudumu vinavyoshika beringi. Grisi ya zamani ilikuwa imekauka kama nta ya mshumaa. Niliziosha beringi kwa mafuta ya taa mpaka zikang'aa, nikazipaka grisi mpya kwa kiganja, nikiisukuma iingie katikati ya kila gololi, nikazirudisha. Zilizunguka vizuri, bila kulia. Kilichonisumbua ni sili, ule mpira wa duara unaokaa nyuma ya habu kuzuia maji na vumbi. Zilikuwa zimekakamaa kwa jua. Nilitafuta mpya Mbeya nzima na hazikuwepo, maana miaka hii mnajua wenyewe vipuri vilivyo. Nikarudisha zile zile.

Matairi nayo yalikuwa na hila yake. Meno yalikuwa marefu, mtu angesema mapya. Lakini tairi linalosimama miaka mahali pamoja huzeekea mbavuni. Ukilibonyeza unaona nyufa nyembamba kama za kisigino cha mkulima. Tulipata moja jipya, nikalifunga kushoto. La kulia likabaki lile kuukuu.

Barabara ya lami hadi Tunduma ilitudanganya sote. Dereva wa Landrova iliyolivuta tela, Sadiki, mtu wa Kasanga kule ziwani, aliimba njia nzima. Tulisimama mara kwa mara nikishuka kugusa habu kwa mgongo wa mkono, zikawa na uvuguvugu wa kawaida tu. Daktari aliniuliza kama nazipima homa. Nikamjibu ndiyo, na hakuona kama ni utani.

Tunduma hadi Laela

Lami iliishia Tunduma, na uimbaji ukaishia hapo. Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho wake, barabara imechimbika mifereji, na tela likawa linarukaruka nyuma yetu kama ndama anayekataa kamba. Kabla hatujafika mbali, tairi la kulia likapasuka ubavu, pale pale kwenye zile nyufa.

Hatukuwa na tairi la akiba la saizi hiyo. Nilikata kipande cha tairi la trekta nilichokuwa nacho, nikakikwangua kikawa chembamba kingo zote, nikakiweka kwa ndani nyuma ya tundu, kisha tyubu mpya juu yake. Tukapokezana pampu ya mkono, mimi na Sadiki, na Daktari naye akavua saa yake akashika zamu. Watu waliotoka shambani walisimama kututazama. Mama mmoja alituonea huruma akatuletea viazi vitamu vya kuchemsha ndani ya ungo. Sadiki akatoa migebuka mikavu, samaki wa ziwani kwao, na tukala wote pale barabarani na yule mama, tukiwa tumekaa kwenye nyasi.

Laela tuliingia jioni, jua bado lipo. Tulikuwa hatujazima injini na watu wakaanza kuja na mikeka. Tukadhani ni ukarimu. Wakatandika mbele ya tela, wakaketi kwa mistari, wazee mbele, na wakaendelea kuja. Ilituchukua muda kuelewa kwamba wamelidhania gari la sinema, lile linalopita kuonyesha picha za kilimo bora. Sadiki alitaka tuondoke kimya kimya. Daktari akasema watu wakishakaa hawaachwi hivi hivi. Akasimama mlangoni akazungumza nao habari za macho: trakoma, inzi, kuosha nyuso za watoto, na ukungu mweupe unaoingia kwenye jicho la mzee ambao unaweza kutolewa. Walimsikiliza kwa heshima. Alipomaliza, mzee mmoja wa mstari wa mbele alimshukuru kwa maneno mazuri, kisha akauliza picha yenyewe itaanza saa ngapi.

Laela hadi Sumbawanga

Sehemu hii sina mengi. Kiraka kilishika. Upepo wa Ufipa ulilisukuma tela ubavu, na baridi ikatufanya tufunge vioo. Nilifika nyumbani nikala ugali wa ulezi na maharage, mke wangu akanicheka nilivyolala hali nimeshika tonge. Tulichukua tairi moja kutoka kwa fundi wa Majengo, halikuwa jipya lakini mbavu zake zilikuwa hai, nikalifunga mahali pa lile lenye kiraka. Hospitalini alijiunga nasi Nesi Yustina, msichana wa kwetu, mkimya, ambaye angemsaidia Daktari kazini. Taarifa ilikuwa imeshatumwa bondeni: wote wenye ukungu wa macho wakusanyike Mtowisa, Daktari anakuja.

Sumbawanga hadi ukingoni

Kabla ya kufika ukingo wa Lyamba lya Mfipa, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde la Rukwa kuonekana chini, kuna kijito. Siku nyingine unakivuka huku umevaa viatu. Siku ile maji yalikuwa yanapiga magotini, na mawingu yalikuwa yanajikusanya kule maji yanakotoka.

Niliomba tungoje. Habu ikiwa ya moto ikaingia ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani hujikunja, na inapojikunja inavuta maji kupitia kwenye sili. Sili zangu mnazijua. Tulingoja kiasi, Sadiki akiyatazama maji yanavyopanda kwenye jiwe alilolichagua kuwa alama. Jiwe lilipozama, Daktari akasema tukiendelea kungoja hatutavuka kabisa. Na ilikuwa kweli. Tukavuka.

Kijiji cha mwisho kabla ya mteremko ndipo nilipousikia mlio. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu anayesaga mahindi chumba cha pili. Nikamsimamisha Sadiki. Habu ya kulia ilikuwa vuguvugu. Ya kushoto sikuweza kuacha mkono juu yake. Nilipopiga jeki na kulishika gurudumu juu na chini nikalitikisa, lilicheza kama jino la mtoto. Nilipofungua, grisi ilikuwa nyeupe kama maziwa ya mgando, maana yake ni maji, na gololi za beringi ya ndani zilikuwa na vidonda, na mbili zimegeuka rangi ya buluu kwa moto.

Daktari alikuja akasimama nyuma yangu.

"Fundi, linaweza kufika Mtowisa?"

Nilimweleza kwamba kwenye tambarare ningepaka grisi nyingi na kujaribu taratibu. Lakini mbele yetu kulikuwa na mteremko wa kona, korongo upande mmoja, na gurudumu lenyewe lingekuwa ndilo la upande wa korongo. Beringi ikijifunga pale, habu inatoka na gurudumu lake, tela linalala, na linaivuta Landrova.

"Kuna watu wameacha mashamba yao wananingoja," alisema. "Ruhusa yangu ina mwisho. Wengine wakinikosa safari hii hawatanipata tena."

"Najua, Daktari."

"Kwa hiyo?"

"Mimi silishushi."

Sijawahi kumkatalia mkubwa namna ile. Alinitazama, akaingia kwenye tela, akafunga mlango. Alipotoka aliuliza kama vifaa vinaweza kupakiwa kwenye Landrova tukafanyie kazi kwenye darasa la Mtowisa. Kisha akajijibu mwenyewe, hata kabla sijafungua mdomo, kwamba paa la darasa lile ni la nyasi.

Sadiki akaondoka na Landrova kurudi Sumbawanga kutafuta beringi. Petroli iliyokuwepo ilitosha kwa hilo tu. Ilibaki kazi ya kwenda kuwaambia watu wa bondeni wasingoje, na kwa kuwa nilikijua Kifipa, na mimi ndiye niliyekataa, nilikwenda mimi. Wale wanawake wawili niliwaacha kwa balozi wa kijiji.

Kwa miguu hadi bondeni

Niliteremka na watu wawili waliokuwa wanapeleka maharage wakabadilishe na mchele. Kadiri tulivyoshuka hewa ilizidi kuwa nzito, sweta ikaingia kwenye mfuko, kisha shati nalo likafunguliwa vifungo. Chini kabisa kulikuwa na joto la tanuri, ng'ombe, na matope meusi. Mtowisa nilifika nikiwa nimechoka, na njia nzima nilikuwa natunga maneno.

Waliokuwa wakingoja walikuwa barazani mwa ghala la kijiji, na jamaa zao waliowaongoza. Wengine walikuwa wamekuja kutoka mbali na sufuria zao. Waliposikia kiatu kigeni walinyamaza wote, na nyuso zikageuka upande wangu, lakini si sawasawa. Wengine walitazama bega langu, wengine juu ya kichwa changu. Nilimwamkia mwenyekiti, nikawaamkia wote, nikasema lile lililonileta: tela limeharibika juu, halitafika kwa siku hizi, Daktari anaomba radhi.

Hakuna aliyenilaumu. Wangenilaumu ningejua la kujibu. Mwenyekiti alisema wamezoea vitu kuishia juu: mbegu ziliishia juu, na mwalimu wa pili naye aliishia juu.

Pembeni ya mlango walikaa mtu na mkewe, wameegemeana mabega. Mume aliitwa Mzee Sikazwe. Macho yake yalionekana mazuri tu, meusi, hayakuwa na ukungu, lakini alikuwa akiona kidogo sana, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Alikuwa anakohoa. Mkewe, Mama Salome, macho yote mawili yalikuwa meupe kama kauri. Ndiye aliyezungumza, kwa Kifipa.

"Hilo tela limeumia wapi?"

Nikamwambia limeumia kwenye gurudumu, yaani tuseme mguuni.

"Na Daktari mwenyewe yuko juu? Na vifaa vyake?"

"Viko vyote, mama."

"Miguu yangu mimi ni mizima," alisema.

Mwenyekiti alidhani hakuelewa, akaanza kumweleza habari za mlima. Mama Salome alimwacha amalize. Kisha akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba anaujua mlima ule, aliolewa kutoka huko juu, na aliuteremka na mtungi kichwani. Mume wake akasema yeye kifua hakimruhusu, ila mwenzake aende. Wakaanza kusikika wengine pale barazani, mmoja mmoja, wakiulizana nani ataangalia kuku, nani atabaki na mjukuu. Wapo waliosema hawawezi, na hawakubembelezwa. Mimi nilisimama katikati nikiwa nimekuja kuwaambia watawanyike.

Kupanda

Trekta la kijiji lilitufikisha mguuni mwa mlima asubuhi na mapema. Zaidi ya hapo mwenyekiti hakuruhusu, dizeli iliyobaki ilikuwa ya kuleta mpunga kutoka shamba la pamoja. Tulichukua kamba ndefu ya kufungia ng'ombe, kila asiyeona akaishika, na baina yao jamaa zao. Mimi nikatangulia.

Nilianza kwa kuwaeleza njia kama nilivyoiona. Nikasema hapa kuna jiwe kubwa jekundu, pale pana mzizi umevuka njia, kule maji yamechimba. Tulikwenda hivyo kwa shida, watu wakijikwaa, mpaka Mama Salome aliyekuwa nyuma yangu akasimama na kamba yote ikasimama.

"Baba, usitueleze jiwe lilivyo," alisema. "Tuambie mguu uende wapi."

Kuanzia hapo nikasema tu: inua, kushoto, ndefu, chini kidogo, simama. Neno likapita nyuma kutoka mdomo hadi mdomo, mpaka wa mwisho. Tulipumzika kila penye kivuli. Walikunywa togwa, wakataniana. Walitaka kujua bonde linaonekanaje sasa, na ziwa limefika wapi, kwa kuwa ziwa lile hupanda na kushuka. Nikawaambia linang'aa mbali, kama bati. Mmoja akasema zamani lilikuwa karibu zaidi, mwingine akakataa, na wakabishana juu ya ziwa ambalo hakuna kati yao aliyekuwa analiona, mpaka tukaondoka.

Nimefanya kazi ya kuvuta vitu vizito tangu ujana, na nawaambia sijawahi kuvuta kitu kama kamba ile. Haikuwa nzito. Ilikuwa inatetemeka mkononi kila mtu mmoja alipokosea hatua, na nilijua kwamba nikisema neno moja vibaya wanalifuata wote.

Jioni tulitokea juu na upepo wa baridi ukatupiga. Daktari alikuwa nje anaanua nguo. Aliona kichwa changu, kisha cha Mama Salome, kisha wengine wakizidi kuchomoza nyuma yake na mkono mmoja kwenye kamba. Aliziweka nguo chini, kwenye majani, akaja akaanza kuwapokea, mmoja mmoja, akiwashika mikono yote miwili. Nesi Yustina alikwenda kuchemsha maji.

Siku za ukingoni

Tela lenye gurudumu moja halifai kwa kazi ya jicho. Daktari alinieleza kwamba mtu akitembea tu ndani yake, kisu kinaweza kwenda mahali kisipotakiwa. Basi niliyatoa magurudumu yote mawili. Tulikusanya mawe bapa na wanakijiji, nikayapanga chini ya ekseli na chini ya kila pembe, nikashusha jeki taratibu mpaka uzito wote ukakaa juu ya mawe. Kupima usawa niliweka beseni la maji juu ya meza ya kupasulia, nikawa natia vigae vyembamba chini ya pembe mpaka maji yakawa sawa na mstari wa beseni pande zote. Niliruka ndani mara kadhaa. Maji hayakucheza.

Wagonjwa walilala kwenye nyumba za kijiji, na watu wa juu waliwalisha watu wa chini bila mkutano wowote. Kila siku walipasuliwa wachache. Mlango ukifungwa, mimi nilikaa nje kuzuia mbuzi na watu. Siku ya kwanza ilipomalizika Daktari alitoka, akavua kofia yake, akaketi kwenye gurudumu langu lililolala.

"Fundi," alisema, "sijawahi kupata meza iliyotulia kama ile."

Nikamwambia ni mawe. Akaniambia asante. Hatukulizungumza tena lile la kukataa kwangu.

Balozi wa kijiji alikuwa na mashaka yake. Aliona magurudumu yametolewa na nyumba imejengewa msingi wa mawe, akaja kuniuliza kwa adabu kama tumehamia, na kama tumehamia mbona hatujaonekana kwenye shamba la ujamaa. Nilimweleza. Akanielewa, ila akasema maharage hayajui kama mimi ni mgeni. Kwa hiyo asubuhi mbili nilitoka na jembe pamoja na wengine, na mikono iliyozoea spana ikatoka malengelenge.

Sadiki alikawia. Sumbawanga hakukuwa na beringi ya saizi ile. Akaomba watu wa redio waite Mbeya, waagize beringi mbili za tela, ziletwe kwa basi. Redio ilikuwa inakoroma. Basi lilipofika alipewa kifurushi kizito kimefungwa vizuri, na ndani yake mlikuwa na birika mbili. Mtu wa upande wa pili alisikia birika mbili za tela, akaona ni jambo la busara kwa watu wanaosafiri. Sadiki alizunguka mashamba yote ya karibu na mji akiwa na beringi yangu iliyokufa, ameifunga kwenye kitambaa, akimwonyesha kila mtu badala ya kutaja jina. Mwishowe alipata tela la trekta lililokufa zamani, na ekseli yake ikawa na ndugu wa beringi ile. Alirudi nayo, na birika akazileta pia. Zilifanya kazi sana. Wagonjwa walikuwa wengi na chai ilikuwa inachemshwa kwenye sufuria ya mboga.

Siku Daktari alipomfungua Mama Salome bandeji na kumvisha miwani ile mizito wanayopewa waliotolewa ukungu, nilikuwa mlangoni, nimeshika kopo la grisi. Alitazama dirisha, akatazama mikono yake mwenyewe mbele na nyuma, polepole. Kisha akanitazama mimi kwa muda.

"Wewe ndiye sauti ya mlimani?"

"Ndiye mimi, mama."

"Nilidhani wewe ni mrefu," alisema.

Kushuka hadi Mtowisa

Beringi ile niliikagua kuliko ninavyokagua chakula. Nilishona sili kwa ngozi ya ng'ombe, nikailoweka kwenye mafuta usiku kucha. Nilikaza nati mpaka gurudumu likawa zito kuzunguka, kisha nikailegeza kidogo, nikaweka pini. Sadiki alishusha kwa gia ya kwanza, nami natembea kando ya gurudumu la kushoto na jiwe mkononi, tayari kulitupia mbele. Waliopasuliwa walikuwa ndani ya Landrova. Mama Salome alikaa dirishani. Kwenye kona ya kwanza alichungulia korongo, njia yetu ya kamba ikiwa inaonekana chini kama uzi, akalikumbatia begi lake na kufumba macho. Sadiki anasema hakuyafumbua mpaka joto lilipoanza.

Mtowisa, Daktari alifanya kazi siku mbili za mwisho za ruhusa yake kwa wale walioshindwa kupanda. Mzee Sikazwe alikuwa miongoni mwao. Mkewe ndiye aliyemleta. Daktari alimkagua muda mrefu kwa kile kitochi chake, akarudia, akamwagiza atazame juu na chini. Kisha akaniita niingie, kwa sababu mzee alitaka kusikia kwa Kifipa na Nesi Yustina alishindwa kuanza.

Daktari alieleza, nami nikawa natafsiri. Kwamba kwake si ukungu. Kwamba ni presha ya ndani ya jicho, imekuwa ikiua mshipa kidogo kidogo kwa miaka, na mshipa ukishakufa hakuna kisu wala dawa. Kwamba ule mwanga uliobaki nao utakwenda. Nilimuuliza Daktari kwa Kiswahili, kabla sijalitafsiri hilo la mwisho, kama tungefika siku ile tuliyoahidi ingekuwa tofauti. Akasema hapana, hata tungefika mwaka jana. Nikalitafsiri. Nimewahi kumwambia mtu gari lake halitengenezeki, na nilidhani najua maneno hayo yanavyosemwa.

Mama Salome alikuwa amesimama mlangoni na miwani yake, anamtazama mumewe usoni, na nadhani alikuwa na haki ya kumtazama muda wote aliotaka. Hakulia. Alimwekea tu mkono begani.

Kisha mzee akageuza uso upande wangu, akalenga sauti.

"Na lile gurudumu lenu," aliuliza, "limepona?"

Nilisema limepona, baba. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepokea habari njema ya nyumba nyingine. Akasema vizuri, kwa maana njia ya kurudi ni ndefu na ina kona, na kule juu nako kuna watu wanaowangoja ninyi. Akaomba fimbo yake.